Pole kwa Kifaransa

Mwanangu ni dereva wa watalii hapa Karatu. Wageni wote anaowapeleka kreta ya Ngorongoro huwarudisha hotelini salama, isipokuwa mmoja. Huyo ni binti wa Kifaransa aliyekuja kuchunguza tabia za nyumbu, akaishia kuchunguza tabia za mwanangu. Siku hizi anaongea Kiswahili kinachowatia wivu baadhi ya majirani zetu wa Rhotia. Walipotuambia wanaoana na watajenga hapa hapa, nilifurahi sana. Kisha nikasikia kwamba mama yake anakuja kuona mahali atakapomwacha mwanawe wa pekee, na kwamba mama huyo hajui Kiswahili wala Kiingereza.

"Nitakutafsiria, mama," mwanangu akasema.

"Hutatafsiri kitu. Mimi nimesoma Kifaransa."

Baba yake alikohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Lakini ni kweli nilisoma. Sekondari tulikuwa na mwalimu aliyetoka Bukavu, kule Kongo, mtu wa suruali yenye mikunjo iliyonyooka hata msimu wa tope. Tulipolalamika kwamba haiwezekani meza kuwa mwanamke na kitabu kuwa mwanamume, alishangaa. "Lugha yenu ina ngeli tele, hii ina mbili tu, na bado mnalia," alisema. Nilifaulu vizuri. Halafu nikaolewa, nikalima mahindi na maharage, na maharage hayahitaji Kifaransa.

Sasa nilikihitaji mimi. Nilitaka mzazi mwenzangu asikie kutoka kinywani mwangu, mwanamke kwa mwanamke, kwamba binti yake hatakuwa mpweke huku. Jambo kama hilo halipitii kwa mkalimani, tena mkalimani mwenyewe akiwa ndiye bwana harusi.

Nikaweka masomo kwenye simu, nikawa nasikiliza nikikamua. Maneno yalirudi kwa mpangilio wao wenyewe. Chaki, rula na dirisha vilikuja siku ya kwanza, lakini kijiko kiligoma kabisa. Mume wangu akasema ng'ombe atazaa ndama wa kuongea puani. Nikamwambia angalau nitapata wa kuzungumza naye. Sentensi yangu moja niliing'arisha mpaka ikawaka: *Votre fille ne sera jamais seule ici.* Binti yako hatakuwa peke yake hapa, kamwe.

Siku ya mgeni ikafika. Alishuka kwenye gari nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, mgongo ameushika kwa mikono miwili. Mtu aliyetoka mbali namna ile, kitu cha kwanza unampa pole na safari. Nikafungua mdomo, na pale pale nikagundua kwamba mwalimu wetu hakutufundisha pole. Nikachukua neno lililokuwa karibu.

"*Je suis désolée*," nikasema kwa moyo wote.

Akasita. Nikadhani ni uchovu. Akajikwaa kwenye ngazi, nikampa tena: *désolée*. Chai ikamuunguza ulimi, *désolée*. Akapiga chafya, *désolée*. Kila nikisema, uso wake unazidi kuwa mweupe, nami namwonea huruma zaidi, basi naongeza nyingine.

Nikaenda jikoni kupakua kande. Mkwe wangu mtarajiwa akanifuata, anaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, kuna tatizo gani?"

"Tatizo lipi?"

"Mama yangu anauliza mmefanya nini. Tangu amefika unamwomba msamaha. Anaogopa mmeamua kuvunja harusi na mnashindwa kusema."

Nilikaa kwenye kigoda, nikacheka mpaka mwiko ukanidondoka. Kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena. Tulirudi mezani, binti akamweleza mama yake kwamba huku kwetu mtu anakupa pole kwa mvua, kwa kazi, kwa mzigo, hata kwa jambo asilohusika nalo, na kwamba si kukiri kosa. Mzazi mwenzangu alivua miwani akafuta macho kwa kucheka. Mume wangu akasema alijua tu Kifaransa hicho kitatutia hasara. Mgeni akataka kujua anayepewa pole anajibu nini. Nikamfundisha, silabi kwa silabi: *Asante, nimeshapoa.* Jioni yote alikuwa analijaribu jibu hilo kwa kila mtu, mpaka kwa mbwa.

Siku moja kabla hajaondoka, mwanangu akatupeleka Ngorongoro. Pale juu ukingoni, mahali watu wanaposimama kupiga picha, ukungu ulikuwa umefunga, kreta yote haionekani. Vijana wakarudi kwenye gari kuchukua chupa ya chai. Tukabaki wawili, tumejifunga mashuka yangu ya Kimasai, tunatazama weupe.

"*C'est loin*," akasema. Ni mbali.

Alikuwa hazungumzii chini ya kreta. Alikuwa amegeuka, anamtazama binti yake aliyekuwa akicheka na mwanangu pale kwenye gari. Huu ndio wakati niliokuwa nimeuandalia ile sentensi. Nikaitafuta. Ikaja chaki, ikaja rula, likaja dirisha. Hata kijiko, safari hii, kilikuja. Sentensi yangu haikuwepo. Nilijisikia vibaya sana, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekusudia kumpa.

"*Désolée*," nikasema, kwa kuwa ndilo lililobaki.

Hakuuliza nimefanya nini. Alinishika mkono chini ya shuka, akaubana.

"Asante," akajibu kwa Kiswahili. "Nimeshapoa."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, wala hakuwa amepoa hata kidogo. Lakini ndivyo inavyojibiwa.