Kumfuata Yaya Juu ya Mawe

Niliondoka Louisville kwa sababu ya simu ya shemeji yangu. Mama Rebeka, mke wa kaka yangu mkubwa, alinipigia kutoka Buffalo akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni. Na kweli alikuwa amejificha chooni.

"Shemeji, macho ya ndugu yako iko nakufa," alisema. "Docteur alimuambia: inafungika toka pembeni, haiponi, asiendeshe gari tena. Yeye anasema docteur hajui kitu. Bon, mwezi huu amegonga boîte ya barua ya majirani mara mbili. Unangojea agonge mutoto wa mutu?"

"Umemwambia?"

"Mpaka mate imekauka. Sasa umuambie weye. Weye ni mudogo wake."

Shemeji hakujua kwamba hapo ndipo shida ilipoanzia. Kaka yangu, Yakobo, ananizidi miaka tisa. Tulipokimbia kutoka milima ya juu ya Kivu ya Kusini, yeye ndiye aliyetangulia na mimi nilifuata visigino vyake mpaka bondeni. Kwetu mdogo hampiti mkubwa njiani bila kuomba ruhusa. Hata leo, tukiingia kanisani au kwenye duka la vyakula, mimi hubaki hatua moja nyuma. Kumwambia Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, asiendeshe gari lake? Afadhali ningemwambia avue suruali.

Basi nikatunga hila. Binamu yetu Ezra, wa Columbus, alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa baiskeli za milimani, zile zenye matairi manene, na kila siku alitusumbua twende kuona nyika moja ya mawe kusini mwa mji wake. "Mutafikiri muko kwetu," alisema. Nikawaza: juu ya mawe, macho yatajisemea yenyewe. Ilikuwa hila mbaya, nakiri. Lakini sikuwa na nyingine.

Ijumaa asubuhi, nilitoka kazini Jeffersontown, kwenye ghala ninakopanga maboksi usiku, nikapanda basi nikiwa bado na vumbi la makaratasi masikioni. Ilikuwa mwaka 2015, mwezi wa kumi, na majani ya miti yalikuwa mekundu kote njiani. Nililala mpaka Cincinnati. Niliamka nikiwa na shingo iliyopinda na hotuba kichwani, ile niliyokuwa nimeitunga kwa ajili ya Yaya, nayo ilikuwa nzuri sana. Sikuitumia hata neno moja.

Alasiri, mtaa wa Clintonville, tulikuwa tumesimama barazani kwa Ezra na vikombe vya chai ya maziwa mikononi wakati gari la Yakobo lilipokata kona. Lilipanda majani ya jirani kwa gurudumu moja, likatulia hapo. Alishuka na kofia yake na koti lake la Jumapili.

"Njia ilikuwa muzuri," alisema.

Ezra alinitazama. Mimi nilitazama chai. Kutoka Buffalo ni mwendo wa saa tano.

Jumamosi saa mbili asubuhi, Ezra alitushusha chini ya kilima na baiskeli mbili. Yeye alikuwa na zamu ya kuhudumia wazee, kwa hiyo angetungoja jioni upande wa pili. "Mufuate mawe yenye rangi ya njano," alituambia. "Na tafadhali, Yaya, tumia breki zote mbili."

"Mimi nilimufundisha huyu baiskeli mu camp," Yakobo alimjibu akinionyesha kwa kidole. "Weye hata haukuwa umeota meno."

Ni kweli. Kule kambini alishika kiti cha baiskeli kutoka nyuma, akakimbia nami, akinifokea nitazame mbele. Sasa aliketi juu ya baiskeli yake, akatangulia bila kuuliza, nami nikafuata.

Saa ya kwanza ilikuwa adhabu tupu. Njia ilipanda kwenye mwamba uliovunjikavunjika, na katikati ya mawe mlikuwa na matope yaliyoficha mawe mengine. Nilihema kama ng'ombe aliyevuka mto. Yaya, kwa miaka yake hamsini na miwili, alikanyaga pedali taratibu bila kusimama. Jiwe lililokuwa mbele yake alilikwepa vizuri. Lililokuwa pembeni hakuliona kabisa. Niligundua hivyo alipogonga la tatu, nikaanza kupiga kelele.

"Jiwe kulia, Yaya!"

"Niliona!"

"Kushoto!"

"Nakuambia niliona!"

Akaanguka upande wa kushoto. Nilitupa baiskeli nikamkimbilia. Goti lilikuwa linatoka damu, na mkono wake ulipapasa majani kutafuta kofia ya plastiki iliyokuwa karibu kabisa na bega lake. Niliiokota nikampa. Nilikuwa na nafasi yangu hapo, hotuba ilikuwa tayari mdomoni, nami nikaogopa. Nilisema tu, "Pole, Yaya." Alipanda tena baiskeli akatangulia.

Karibu na saa tano, miti ilikwisha ghafla. Nilitoka kwenye kivuli nikasimama, mguu mmoja chini. Mbele yetu palikuwa na uwanda wa juu, nyasi za rangi ya kahawia zikilala kwa upepo, mawe meupe yametawanyika kama kundi lililolala, na mawingu yakipita chini kiasi cha kutaka kuyashika. Baridi ilikuwa ile ile ya milima ya kwetu. Harufu ilikuwa ile ile. Miaka yangu yote ya Louisville, kati ya fleti za Highview na ghala, sikuwahi kujua kwamba kitu kama hiki kimelala ndani ya nchi hii hii ninayolipia kodi ya nyumba. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

"Hapa ng'ombe anashiba," Yakobo alisema. Kisha akawa anageuza kichwa polepole, kutoka mwisho mmoja wa uwanda hadi mwingine, kipande kwa kipande. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anakusanya kwa tundu dogo kile ambacho mimi nilikipata kwa mtazamo mmoja.

Katikati ya uwanda, tulifika kwenye kazi ya watu wa kale. Ezra alikuwa ametueleza kwamba watu wa asili wa nchi hii waliijenga zamani sana, kabla mzungu hajafika, na kwamba wajukuu wao walifukuzwa kwenda magharibi, lakini wengine bado hurudi kupatembelea. Ulikuwa ukuta wa udongo, mrefu kuliko mtu, uliozunguka kwa duara kamili, pana kiasi kwamba kanisa letu lote na maegesho yake vingeingia humo. Mlango ulikuwa mmoja. Udongo huo ulibebwa kwa vikapu. Mimi ninayebeba maboksi kwa mshahara najua mgongo unavyolia. Nani aliwaamsha asubuhi watu wale? Waliimba nini wakibeba?

Yakobo aliweka baiskeli chini, akavua kofia, akaingia kwa miguu. Alitelemka ghafla, akajikuta ndani ya mtaro. Nilidhani ameanguka tena, kumbe alikuwa amechuchumaa, anapapasa udongo.

"Njoo uone. Mutaro iko ndani ya ukuta."

"Ndiyo, Yaya."

"Mutu anayeogopa adui anachimba inje. Hawa hawakuogopa mutu. Hii ni kama lupango, zizi ya ng'ombe: yenye kuwa ndani ibakie ndani." Akapapasa tena udongo. "Walikuwa na kitu ya maana sana humu. Labda walikuwa wenyewe tu, wote pamoja."

Tulikaa mtaroni tukala chapati za mke wa Ezra. Watu waliojenga pale walifukuzwa, na sisi tuliofukuzwa kwetu tulikuwa tumeketi ndani ya kazi yao, tumeshiba. Nilihisi heshima iliyochanganyika na aibu, nikaokota hata makombo.

Saa tisa alasiri, tulifika ukingoni, mahali njia inaposhuka. Ilikuwa nyembamba, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Yakobo alisimama. Nami nikasimama hatua moja nyuma, kama kawaida. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono yote miwili kwenye breki, akitazama chini.

"Korongo iko upande gani?" aliuliza.

Lilikuwa upande wa kulia, mita moja kutoka goti lake.

"Kulia, Yaya."

"Karibu?"

"Karibu sana."

Aliivuta baiskeli yake kando, akaegemea mwamba.

"Pita," alisema.

"Yaya—"

"Nimesema pita. Uniambie mawe."

Nikapita. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile, na siongelei ule mteremko. Tulishuka kwa mwendo wa konokono, mimi nikitaja kila jiwe: kulia, kushoto, ngazi, matope. Nyuma yangu alijibu kila mara, "Ndiyo." Hakusema tena kwamba ameona. Tulipofika chini, Ezra alikuwa amesimama na taulo. Aliona nani ametangulia, akaufumba mdomo aliokuwa ameufungua ili atutanie.

Jumapili asubuhi, Yakobo aliweka ufunguo wa gari lake kando ya kikombe changu, akaenda kuketi kiti cha abiria. Niliendesha mpaka Buffalo. Tulipofika kwenye ziwa, nilimwambia, "Kushoto kuna maji, Yaya, hayana mwisho," naye akageuza kichwa polepole mpaka akayapata. Mama Rebeka alikuwa dirishani. Aliponiona nikishuka upande wa usukani, alikaa chini palepale, tukasubiri sana kufunguliwa mlango.

Jumanne nilirudi Louisville kwa basi. Njia nzima niliwaza jinsi nilivyoogopa kumpita kaka yangu, kana kwamba kutangulia ni kumnyang'anya kitu. Nilichojifunza kule juu ni kwamba kutangulia ni kazi tu: unasema mawe yalipo. Yeye alinifanyia kazi hiyo tangu milimani, na sikuwahi kumsikia akiiita cheo.

Nilipofika nyumbani nikavua koti, kitu kikagonga sakafu. Ulikuwa ufunguo wa gari. Nilimpigia simu huku jasho likinitoka.

"Yaya, nisamehe, nimeondoka na ufunguo wako!"

"Najua. Niliona ukiuweka mu mufuko."

"Uliona? Na ukanyamaza?"

"Mama Rebeka iko na ufunguo yake. Ule ulikuwa wangu," alisema. "Ubakie kwako."