Wivu Ulionipeleka Ruvuma

Mwalimu mgeni alipoletwa shuleni kwetu Masasi, mimi ndiye niliyezunguka naye kutafuta chumba. Alitoka Kagera, binti wa miaka ishirini na sita, hamjui mtu yeyote kusini huku. Nilimwonyesha soko, nikamwonyesha fundi wa viatu na mama anayeuza mkaa mzuri, nikamwambia mwenyeji wake ni mimi. Kwa muhula mmoja ilikuwa hivyo. Kisha likizo ikafika, akavaa begi mgongoni, akaomba lifti kwenye lori la kwenda Newala, akapotea wiki nzima.

Alirudi na hadithi. Wakati wa chai ya saa nne walimu wote walisogeza viti upande wake. Alikuwa amelala kijiji cha Mkunya kwa familia asiyoijua, akabangua nao korosho. Alikuwa ametembea kwa miguu hadi ukingoni, pale ardhi ya juu inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote mpaka Msumbiji. Hakuwa na gari wala pikipiki, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wangu. Likizo iliyofuata akaenda tena. Alijifunza salamu za Kimakonde, akawa anazikosea kwa namna iliyowafanya watu wampende zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Lupaso, hukuhuku Masasi. Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa, nimeuchora Mto Ruvuma ubaoni hata mkono unaujua wenyewe, na nilikuwa sijawahi kuuona. Newala nilikwenda mara mbili, zote msibani, nikarudi kesho yake kwa basi la asubuhi. Jambo hilo halikunisumbua mpaka siku mwalimu mkuu aliposimama mlangoni mwa darasa la sita, akaniomba kwa upole nimpishe mwalimu mgeni awasimulie watoto habari za mto, kwa kuwa yeye amefika.

Nilikaa nyuma ya darasa langu mwenyewe, kwenye dawati la mtoto, magoti yamebanwa. Alieleza alivyoteremka mlima na alivyoosha miguu yake kwenye maji ya Ruvuma. Watoto walitulia kwa utulivu ambao mimi huupata kwa kugonga meza. Mmoja akageuka akaniuliza kama na mimi nimefika. Nikamwambia aangalie mbele.

Tangu siku hiyo kila kitu chake kilinichoma. Viatu vyake vilivyoliwa na njia vilinichoma. Alipozoea kusema "kule kwetu Newala", nilijiuliza kimoyomoyo ni kwao tangu lini. Niliacha kumwita nyumbani kula. Aliponiuliza kama amenikosea, nikajibu kuwa kazi zimenizidi tu.

Likizo ya Juni yeye alipangiwa kubaki Masasi na darasa la mitihani. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilifungasha khanga mbili, sweta, karanga za kukaanga na chupa ya maji. Nyumbani nikasema nina semina Newala. Basi lilikuwepo, lakini nililiacha lipite, kwa sababu nilitaka nisafiri vilevile kama alivyosafiri yeye. Nikasimama kando ya barabara mpaka likaja lori lililobeba salfa ya kupulizia mikorosho.

Dereva alikuwa mtu mzima, mpole. Aliniuliza kazi yangu, na nilipomwambia akatabasamu, akasema walimu wa Masasi siku hizi wamekuwa watu wa safari. Kuna binti mmoja yeye humpa lifti, naye humwimbia nyimbo za kwao njia nzima. Akauliza kama namfahamu. Nikasema namfahamu kidogo. Baada ya hapo tulipanda mlima kimya, na kila kona niliona kama dereva yule anazikosa zile nyimbo.

Newala ilikuwa baridi, ukungu bado uko chini. Nilikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, nikaanza kutembea kuelekea kijiji cha ukingoni ambacho mwenzangu alikitaja sana. Ningeweza kwenda kijiji kingine chochote. Wivu ulikataa. Ulitaka kila alipokanyaga na mimi nikanyage. Nilitembea saa tatu katikati ya mikorosho, harufu ya salfa ikinikwangua koo, na sikuwa na haja ya kuuliza sana, maana nyumba niliyoitafuta nilikuwa nimeisikia mezani mpaka rangi ya mlango wake.

Ilikuwa nyumba ya mama mmoja mjane, wa umri wa mama yangu. Nilimkuta uani anachambua kunde. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikajieleza kuwa ni mwalimu kutoka Masasi. Uso wake ukafunguka, lakini haukufunguka kwa ajili yangu. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.

"Mwenzako hajambo?" akauliza.

"Hajambo, mama."

"Alisema angerudi msimu wa korosho. Tulimsubiri. Huko anatutaja?"

Haikupita wiki bila mwenzangu kumtaja mama huyu. Msimu wa korosho alilazwa na malaria, na hata homa ilipompanda alikuwa akisema ameahidi kwenda. Nilikuwa kando ya kitanda, nilisikia.

"Sijamsikia akiwataja," nikasema.

Mama akainamia ungo wake. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa, akasema vijana wana mengi. Kisha akanyanyuka kunichemshia maji ya kuoga, mahali ambapo maji huja bombani yanapotaka yenyewe, akanipikia ugali wa muhogo na kisamvu. Nilikula chakula chote. Nilijiona nimeshinda kitu.

Kesho yake alfajiri alinionyesha njia ya kuteremka. Ilikuwa imekatwa na mvua, mawe yanayoteleza, na nilishuka nimeshika mizizi kwa mikono miwili. Chini nilipata bodaboda wa kunivusha uwanda mpaka kijiji cha mtoni. Nikauona Ruvuma. Ulikuwa mpana kuliko nilivyouchora, mchanga mwingi mweupe katikati na maji yakipita kwa mikono mikono. Ng'ambo, mwanamke wa Msumbiji alikuwa anaanika nguo. Nilipiga picha. Nilitaka kuingiza miguu, lakini wanawake waliokuwa wakichota maji wakanizuia. Mamba wapo, wakasema. Hapa hakuna anayeosha miguu. Wao wenyewe walichota wakiwa nyuma ya uzio wa miti. Nilishangaa mwenzangu aliwezaje, lakini sikuliwaza sana. Niliwaza jinsi nitakavyoiweka simu mezani wakati wa chai.

Kupanda ndiko kulikonimaliza. Jua lilikuwa la mchana, maji yangu yaliisha nusu ya mlima, na goti la kulia likaanza kukataa. Nilikaa kwenye jiwe nikihema. Hapo nikamwona yule mama anashuka taratibu na kidumu cha maji kichwani. Alisema aliona nimechelewa. Alinimiminia, nikanywa, akakaa karibu yangu.

"Hata mwenzako aliishia hapahapa," akasema.

Nikamuuliza kuishia vipi.

"Hakufika mtoni. Njia ilimshinda. Nilimkuta hapa analia."

Siwezi kuficha nilichohisi. Ilikuwa furaha, na ilinijaa mpaka masikioni. Mwalimu wa watu aliyesimama mbele ya darasa langu alikuwa amedanganya. Nilikwisha kuanza kupanga maneno yangu na nani atakuwa amekaa wapi, wakati mama anaendelea kusema.

Alisema kilichomliza binti hakikuwa njia. Binti alimweleza kwamba anazunguka hivi likizo zote kwa sababu kwao ni mbali, na hapo Masasi hana pa kwenda. Walimu wenzake hurudi kwao. Kuna dada mmoja aliyempokea vizuri, mwenyeji wa Lupaso, na angependa siku moja amkaribishe kwao, hata kwa siku moja. Anaona haya kumwomba.

Nilikuwa nimepiga funda jingine la maji. Niliyameza.

"Mama, jana nilikudanganya," nikasema. "Anakutaja kila siku. Msimu wa korosho alikuwa amelazwa."

Hakuuliza kwa nini. Alifunga kidumu, akajitwika, akatangulia. Nililala kwake tena. Asubuhi alinipa muhogo wa njiani, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, lakini alinisindikiza mpaka mwisho wa ua tu, na mwenzangu, kwa hadithi zake, alikuwa akisindikizwa mpaka barabarani.

Shule ilipofunguliwa, walimu waliniuliza likizo nilikuwa wapi. Nikasema Newala, na kwamba niliteremka mpaka mtoni kwa njia ya ukingoni. Mwalimu mgeni aliweka kikombe chini. Alijua ninachojua. Mmoja akauliza mto ukoje.

"Uko kama mwalimu alivyosema," nikajibu.

Ningependa kusema ulikuwa wema. Nusu yake ilikuwa wema. Nusu nyingine ilikuwa raha ya kumwona anashusha pumzi na kujua pumzi hiyo nimempa mimi. Baadaye, tukiwa wawili tu, nilimwambia kwamba yule mama alimsubiri, na kwamba Jumapili naenda Lupaso, kama anataka tufuatane. Akakubali kabla sijamaliza kusema.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Mama yangu si mtu wa kuchangamkia wageni. Alimtazama binti yule, akamuuliza kama anajua ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba huku. Akasema hajui. Mama akampa jembe, wakaingia kichakani wote wawili, na baada ya muda nikamsikia mama anacheka. Sikumbuki lini alicheka hivyo na mimi. Binti alikuwa amechimba mzizi usiofaa, urefu wa mkono, anaushika kwa fahari, na mama alikuwa ameegemea mti akijifuta machozi.

Siku hizi nikipiga simu nyumbani, mama hunijulia hali upesi, kisha huuliza mwanawe wa Kagera atakuja lini. Namjibu kuwa nitamwambia. Namwambia kweli, lakini si siku ileile.