Breki na Amri ya Kusifu Tu

Jina lake la kuzaliwa hata jamaa zake walikuwa wamelisahau. Wote walimwita Breki, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa udereva, kutwa mguu uko juu ya ile breki ya pili ya upande wa mwalimu. Alijua kumwambia mtu kosa lake bila kumtia kiwewe, maana mwanafunzi ukimkaripia barabarani mtaishia wote ndani ya duka la watu.

Mumewe alipofariki, Breki aliichukua kamera yake na kujiunga na chama cha wapiga picha wa kujifurahisha, alichokuwamo marehemu pamoja na dada yake. Walikutana Jumamosi, chumba cha juu ya duka la samani la Mwenyekiti. Walizibana picha zao kwa vibanio vya nguo kwenye kamba aliyoileta marehemu, kisha wakasifiana. "Kali hiyo!" "Moto!" Wakanywa soda, wakatawanyika.

Breki yalimshinda hayo. Aliitazama picha mpaka mwenyewe akaanza kujikuna shingo, ndipo akasema kilichompendeza, kilichomkwaza, na yeye angefanyaje. Haikupita muda, watu wakawa wanamvizia ngazini: "Mwalimu, hebu niangalizie na hii."

Ikafika zamu ya Mwenyekiti. Alileta picha ya bibi harusi.

"Mwanga wa usoni umeupatia kwelikweli," Breki akamwambia. "Macho yake yananitazama mimi. Ila ungesogea kidogo kushoto, hiyo nguzo ya umeme isingemwota kichwani."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, kwa meno tu.

Jumamosi iliyofuata alisimama kabla ya soda kufunguliwa. "Hapa tunatiana moyo. Kuanzia leo ni kusifu tu. Mwenye kasoro za kusema akazisemee kwake." Akamgeukia Breki. "Shemeji, umenielewa?"

Wifi yake alimfinya paja. "Nyamaza, wifi. Sema nzuri, yaishe."

Breki akasimama. "Nimekuelewa, shemeji, na sitaki. Mtu kahangaika na picha yake wiki nzima, halafu nimwambie 'moto' na macho yangu yako kwenye soda? Huko ni kumtupa." Akatoa picha kwenye mkoba, akaibana katikati ya kamba. "Haya. Leo semeni yangu."

Ilikuwa picha ya marehemu, ya mwisho aliyompiga akiwa mzima. Nani amkosoe mjane kwa picha ya mumewe? Picha ile Breki alikuwa hajamwonyesha mtu.

"Semeni!"

Aliyenyanyuka ni wifi yake. Aliikaribia picha. "Tabasamu ni lake. Hapo umemshika." Akaonyesha ukingo wa chini wa picha. "Lakini umemkata mikono, wifi. Kaka alikuwa anaongea kwa mikono. Umemsimamisha kama wa kitambulisho."

Neno lile lilimchoma Breki. Kwa kitambo alitaka kuivuta ile picha, aikumbatie, aondoke zake. Aliitazama tena. Kweli, mikono haikuwamo, na hakuwa na njia ya kuirudisha.

"Endelea," akasema.

"Ungerudi nyuma kidogo tu."

"Ningerudi nyuma," Breki akakubali, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Nani mwingine?"

Mwanachama mmoja, fundi viatu, akasema ukuta wa nyuma unamezana na shati. Mwingine, mkunga, akaanza kubisha. Mwenyekiti akapiga meza: "Kikao kimefungwa! Na funguo za hiki chumba ninazo mimi!"

"Funga, shemeji. Kamba ni yangu."

Akaifungua kamba na picha zake zote, akashuka nayo. Wifi yake alimfuata, kisha fundi viatu, kisha wengine, hata waliokuwa wakitazamana kwa woga. Wakaifunga kwenye vyuma vya dirisha la duka jirani lililokuwa limefungwa, kando ya barabara, upepo ukizipeperusha picha.

Mwenyekiti hakuwafungulia tena chumba, nao hawakuomba. Wanakutana pale pale nje, na wapita njia husimama wakachangia. Siku hizi anayeogopwa ni wifi; Breki husema yeye mwenyewe ni cha mtoto kwake. Na mwanachama mpya akitundika picha yake huku akijitetea kwamba yeye ndiyo kwanza anajifunza, Breki humsogezea kiti.

"Kaa, ndugu yangu. Hatukuli. Tunaanza na palipokupendeza wewe."