Kwenda Huruma na Mgongo wa Vyuma

Nilitoka mtaani kwangu Umoja Jumamosi asubuhi kwa sababu ya Zuhura, binti wa rafiki yangu niliyeuza naye nguo sokoni. Uti wake wa mgongo umepinda, kama wangu ulivyopinda utotoni, na alikuwa amekataa katakata kupasuliwa. Mamake alinipigia simu akilia, akaniomba niende mtoto amwone mtu aliyepasuliwa zamani na bado yuko.

Barabara ya Outer Ring ina matuta, na vyuma nilivyotiwa mgongoni havisamehe tuta hata moja. Kifungua mimba wangu aliendesha gari polepole, wa nyuma wakitupigia honi. Niliwaacha wapige.

Mtaa wa Huruma, kwa kina Zuhura, tulifika kabla ya adhuhuri. Ngazi nilizipanda kwa kupumzika, lakini kasheshe ilikuwa ndani. Kwa heshima yangu walikuwa wametandika magodoro mapya sakafuni, na mimi kukaa chini siku hizi siwezi. Woi, niliona aibu! Nimekuja kumtia mtoto moyo, naye cha kwanza anaona shosho, bibi kizee, aliyeshindwa kuketi.

Kiti kikaombwa kwa jirani. Zuhura, aliyempakata mdogo wake mchanga, akauliza kama naye atakuwa hivyo. Sikumdanganya. Nilimwambia maumivu yalinirudia uzeeni, na soksi navalishwa. Lakini kabla ya hapo nimefanya kazi, nimecheza harusini, nimezaa watatu, na kila siku namshukuru Mungu na daktari yule.

"Na uliwabebaje, shosho, kama mgongo hauinami?"

Kumbe hofu yake ilikuwa hiyo. Kumbeba mtoto mgongoni lazima uiname ndipo umfunge leso. Nikamwambia mwenyewe sikuweza hata siku moja. Nilikuwa natoka nje na mtoto na leso, na jirani yeyote aliyekuwepo ananifungia.

"Mimi nani atanifungia?"

Mamake aliinuka. Alimsimamisha wima, akamweka yule mchanga mgongoni pake, akakaza leso. Zuhura akatembea mpaka dirishani na kurudi, mtoto ametulia.

"Basi nitaenda kupasuliwa," akasema.

Jioni tulirudi Umoja, mgongo ukiniuma na moyo umejaa. Miaka yote nilisema ni vyuma vilivyonisimamisha, kumbe ni watu pia. Sikuingia kwangu kwanza. Nilibisha kwa jirani yangu mkongwe, Mama Mutua, nikamwambia asante.

"Ya nini tena?"

"Ya kunifungia huyu," nikasema, nikimwonyesha mwanangu, jitu zima lenye ndevu, amesimama nyuma yangu na funguo za gari.