Majirani walivyomalizia utafiti wangu kwa chokaa ya salongo, nikarudia mwaka mzima

Wakuu, salaam kwenu, mliokaa darasani hadi mwisho na mliotoroka njiani.

Naona humu mnabishana kwa nini tafiti za vyuo vyetu haziaminiki. Wengi mnalaumu vifaa. Sawa, vifaa hatukuwa navyo. Lakini nina kisa changu mwenyewe, nakileta bila kukitia chumvi, na pale nilipolia nitasema nililia.

Mimi ni mama mstaafu, mzaliwa wa Likasi, Katanga, enzi zile nchi ikiitwa Zaire. Kiswahili changu nimekinyooshea huku Tanzania nilikoolewa, kikipinda mnivumilie.

Tulikaa Shituru, mtaa wa Likasi, kwenye nyumba za kampuni ya serikali, karibu na kiwanda cha shaba alichofanya kazi baba.

Upepo ukigeukia kwetu, moshi unashuka hadi uani na kukwaruza koo. Mboga zilikuwa shida. Mahindi yanaungua majani, unavuna magunzi matupu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, Lubumbashi, nasoma kilimo. Kuanzia maprofesa hadi wauza mboga, wote walisema udongo wa Shituru umechachuka, utiwe chokaa utapona.

Nikasema haya, nitapima. Hiyo ndiyo ikawa mémoire yangu, kazi ya kumalizia shahada. Bila hiyo hakuna shahada.

Uani kwetu nikalima vitalu viwili. Udongo uleule, mbegu ileile. Kimoja nikatia chokaa, kingine nikakiacha kama kilivyo. Hicho cha pili ndicho control, wakuu. Bila cha kulinganisha huna utafiti, una bustani.

Nikarudi chuoni na moyo mweupe.

Sasa, kwa mliozaliwa juzi: kulikuwa na kitu kinaitwa salongo. Kila Jumamosi mtaa mzima unatoka kufanya kazi ya pamoja, utake usitake. Kufagia, kuzibua mitaro, na kupaka chokaa mawe ya barabarani na mashina ya miti, mji upendeze kiongozi akipita. (Kiongozi hakupita hata mara moja, lakini miti yetu ilikuwa inang'aa.)

Jumamosi hiyo chokaa ikabaki kwenye ndoo.

Niliporudi nyumbani nilikuta kitalu changu cha pili cheupe pe.

Mama Ngalula, jirani wa mlango wa pili, alikuja mbio akitabasamu.

"Mwana, tulikumalizia! Tuliona chaux ilikuishia katikati. Batu bangeseka mama yako."

Chaux ni chokaa hiyohiyo, na aliogopa watu wasimcheke mama. Nilikaa chini palepale nikalia. Yeye akadhani nalia kwa furaha, akanikumbatia.

Ungemgombeza vipi mtu wa hivyo?

Nikaenda kwa assistant aliyekuwa ananisimamia chuoni. Kijana nadhifu, abacost, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi. Nikamweleza. Akacheka, kisha akafunga mlango.

"Citoyenne, juu ya nini unajitesa? Batu bote banajua chaux inasaidia. Andika ilisaidia, weka chiffres za kuelea vizuri, tumalize. Bote njo banafanyaka vile."

Kwetu 'njo' ni 'ndiyo': ndivyo wote wafanyavyo, nibuni tu namba zinazokubalika. Wakuu, nilitamani. Kukataa maana yake ni kurudia mwaka, kwa sababu msimu wa mahindi ulikuwa umepita. Bourse, posho ya masomo, ingekatwa. Na wenzangu niliowaazima daftari wangevaa joho kabla yangu.

Lakini kuna kitu kilinikera. Kama jibu tunalijua tayari, mimi nilikuwa nimelima cha nini?

Nikarudia mwaka.

Safari hii nilianza na watu kabla ya mbegu. Nikawaita akina mama wa mtaa uani, nikawaonyesha vitalu. Mama Ngalula hakuelewa.

"Weye, unaona mahindi iko mugonjwa, unaacha tu?"

"Mama, tukiponya yote kwa mara moja, tutajuaje ni nini kilichoponya?"

Akaangalia kimoja, akaangalia kingine. Halafu akawageukia wenzake:

"Iyi ya huku, hakuna mutu kuigusa. Iache iteseke, iko kazini."

Kuanzia siku hiyo akawa askari. Salongo ikipita na ndoo, yeye yuko mlangoni na ufagio. Hata mkuu wa mtaa alifukuzwa.

Mahindi yakaota. Upepo ukageuka.

Vitalu vyote viwili viliungua. Cha chokaa na kisicho na chokaa, majani yaleyale, madoa yaleyale.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha. Akina mama wakabeba udongo wa kitalu kisicho na chokaa kwa mabeseni, hadi upande wa pili wa mlima usikofika moshi, kwa dada yake Mama Ngalula. Nikapanda upya huko na uani kwetu, mbegu moja, siku moja.

Kule yakasimama kijani. Uani yakaungua tena.

Mgonjwa mkubwa hakuwa udongo, wakuu. Ilikuwa hewa.

Hapo nikaogopa kweli. Ule moshi ndio uliotulisha. Nikamwambia baba. Akasema:

"Nyumba iyi ni ya kampani. Lakini yenye uliona, uliiona. Andika."

Siku ya kutetea, mmoja wa jury, jopo la watahini, alitaka nifute neno "moshi", niandike "hali ya hewa". Nikakataa. Nikapita, ila kwa alama ambazo hazikunipa nafasi ya kubaki kufundisha chuoni. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo.

Lakini fikirini kama ningeandika zile chiffres za kuelea. Leo kungekuwa na kitabu chenye muhuri kinachosema chokaa inaponya Shituru, na akina mama wangeendelea kumwaga chokaa kila mwaka chini ya moshi uleule.

Vifaa vikikosekana utaazima. Ukishaandika jibu kabla ya kupima, hakuna wa kukuazima ukweli.

Mlioko vyuoni, hebu semeni: nanyi mmeambiwa "andika tumalize"? Mlifanyaje? Karibuni, matusi wekeni pembeni.

Mama Ngalula alihamishia bustani yake kule ng'ambo ya mlima. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa mzee, hawezi kuinama, anaelekeza wajukuu kwa fimbo. Walikuwa wanatia mbolea. Walipofika mstari wa mwisho akawazuia.

"Ule muuache," akawaambia. "Ule njo wa kuuliza."