Babu na Bendi ya Lindi

Mama yangu hakuwa na picha hata moja ya baba yake. Alikuwa na kumbukumbu tu: kwamba babu, kabla hajarudi kijijini kwao Likawage kulima, alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Lindi, na kwamba siku za sikukuu alipiga tarumbeta katika bendi ya beni, ile ngoma ya kuiga gwaride la askari, amevaa kofia nyeupe, watoto wakiwafuata mpaka pwani. Mama alikuwa mdogo sana. Anasema alibebwa mabegani ili aone.

Mjomba, kaka yake mkubwa, hakukubali kabisa. Wazazi walipokwenda mkongeni, yeye aliachwa Likawage kwa bibi yake, na baba aliyemjua ni yule aliyerudi: mtu wa jembe, mkimya, asiyeimba hata shambani. Kila tulipokusanyika kwa harusi au msiba, mama akigusia tarumbeta, mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe uliota, dada. Mtu wa Likawage tarumbeta angelitoa wapi?"

Wote waliokuwapo walicheka naye. Mama alijifunga khanga yake vizuri, akaenda jikoni.

Mimi nilianza kupekua tovuti za picha za zamani kwa sababu nyingine. Ninaishi Lindi mjini, nashona nguo, na baraza langu linatazamana na nyumba ya kuta nene isiyo na paa, ambayo mizizi ya miti imeipasua katikati. Nilitaka kujua ilikuwa ya nani. Mpaka leo sijajua. Lakini katika kutafuta nikaangukia tovuti ya mzee mmoja aliyezaliwa Lindi na sasa anaishi ng'ambo, anayekusanya picha za miji ya pwani kutoka kwenye masanduku ya watu. Nikanasa. Wateja wakipungua mchana, nilifungua simu, nikaona magunia ya mbata yamepangwa gatini, wanawake wa buibui mbele ya duka la vitambaa, barabara yangu mwenyewe ikiwa tupu na safi, na mbwa mmoja amelala katikati. Nikitoka kwenda sokoni nilikuwa nasimama kila kona, nikilinganisha. Watu walidhani nimepoteza kitu.

Mama alipokuja kutoka Kiranjeranje, anakoishi, kukaa nami, nikawa namkuzia picha hizo naye anazitazama kwa karibu, miwani puani. Siku hiyo nilipitisha moja iliyoandikwa chini yake, "Bendi ya mtaani, Dar es Salaam." Wanaume wamesimama ufukweni na ngoma na matarumbeta, nyuma yao maji, ng'ambo ya maji nchi kavu.

Mama aliinyakua simu.

"Hapa si Dar es Salaam. Hapa ni Lindi. Na huyu wa pili ni baba."

"Una uhakika, mama?"

"Mwanangu, huyu ni baba yangu."

Nilimwandikia mwenye tovuti jioni ile ile. Alijibu kwa adabu. Picha ilitoka kwa familia ya Dar es Salaam, alisema, na watu wengi huona wazazi wao kwenye picha za zamani kwa sababu wanatamani kuwaona. Nikiwa na ushahidi, nimpelekee.

Nilimsomea mama. Akasema, "Muulize, ng'ambo ya pale Dar es Salaam ni Kigamboni. Kigamboni kuna vilima?"

Nilirudi kwenye picha nikaikuza. Nyuma ya kofia zile kulikuwa na vilima, vimefifia lakini vipo, kimoja kimebonyea katikati. Kila asubuhi nikifungua dirisha naviona: ni vilima vya Kitunda, ng'ambo ya ghuba yetu ya Lindi.

Kesho yake tulishuka pwani, mama ameshika mkono wangu. Tulisogea na kurudi, yeye akielekeza, "Kulia. Zaidi. Hapana, umepita," hadi vilima vya kweli vikakaa sawasawa na vile vya kwenye simu, bonde kwa bonde. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakatuuliza tunatafuta nini. Mama akawaambia, "Baba yangu alisimama hapa." Nikampiga picha papo hapo, naye akasimama wima kama askari.

Nilituma picha mbili, ya zamani na yetu, bega kwa bega, pamoja na jina la babu. Jibu halikukawia. Mzee yule aliandika: "Nimekubali, ni Lindi. Mpe mama shikamoo yangu." Nilipofungua tovuti, maneno ya chini yalikuwa yamebadilishwa, na jina kamili la babu limeandikwa hapo. Mama aliniambia nilisome, kisha nilisome tena.

Tuliichapisha picha ile ya zamani kwa ukubwa, tukaitia kwenye fremu, tukasafiri nayo hadi Likawage. Mjomba alikuwa uani, anabangua korosho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmebeba nini?"

Mama alimpa fremu. Mjomba alifuta mikono kwenye shuka, akaichukua. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Aliitazama, akapitisha kidole juu ya uso wa yule mtu wa pili, polepole, bila kukigusa kioo.

"Alikuwa kijana hivi," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna hii."

Mama akakaa chini kando yake. Yeye alijua mahali. Mjomba, aliyeishi na babu miaka mingi zaidi, alijua uso. Hapakubaki mtu wa kubisha.

Ghafla mjomba akanyanyuka, akaiinua fremu juu, akaita nyumba nzima. "Njooni! Njooni mumwone babu yenu! Alikuwa anapiga tarumbeta Lindi!" Aliita kwa nguvu, utadhani ni yeye aliyekuwa akitueleza miaka yote hiyo.

Mama hakumkumbusha chochote. Alipiga kigelegele kirefu, wanawake wakakipokea kutoka jikoni na nyumba ya jirani. Mkeka ukatandikwa, mama akaketishwa katikati, na mjomba mwenyewe akawanyamazisha watu.

"Haya, dada," alisema. "Tusimulie. Anza mwanzo, usiruke kitu."