Sala Niliyomfundisha Mtoto wa Watu

Rafiki yangu alinidhamini kwa mdomo wake mwenyewe. Shangazi yake aliolewa Maskati zamani, na alikuwa anatafuta mtu wa kumlea mjukuu wake wa miaka mitatu. Alitaka Mwislamu. Rafiki yangu akaongea naye kwenye simu, mimi nimekaa hapohapo kibarazani kwake Daraja Mbili, nasikia: "Huyu namjua tangu tunasoma wote masomo ya jioni. Ni Mlutheri, tena wa kukesha kanisani, lakini ana heshima. Dhamana naiweka mimi."

Akakata simu, akanigeukia. "Shoga, sala zako chumbani kwako. Mtoto wa watu mwachie dini ya kwao. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Binti yangu wa miaka saba nikamwachia yeye. Mume wangu alishafariki, na kwa wazazi wangu Olmotonyi ni mbali na shule yake. Nikaondoka.

Yule mtoto wa Maskati alikuwa hali chakula. Unamwekea wali, unamwekea samaki, anakaza mdomo. Mama yake anashinda kazini, bibi yake miguu inamsumbua, kwa hiyo mchana kutwa ni mimi na yeye. Siku moja kabla sijala nikafumba macho nikaomba kwa sauti, kama tulivyozoea na binti yangu. Nafumbua, namkuta naye amekunja vidole, ananitazama.

"Tena," akasema. Kiswahili alikipata kwa bibi yake.

Nikaomba tena. Akala sahani nzima.

Ningeweza kuishia hapo. Kesho yake nikamfundisha maneno yenyewe, yote, na jina la Yesu humohumo. Nilijua nimeahidi nini. Nikajiambia sala ya chakula haimdhuru mtu, na mtoto si anakula, mashavu yanajaa? Halafu niseme ukweli, nilikuwa namkumbuka wangu. Vile vidole vidogo vikikunjwa, moyo wangu ulikuwa unatulia kidogo.

Ikawa miezi. Ijumaa moja ndugu zao walikuja chakula cha mchana. Watu wameshakaa, wanasema bismillahi, yule mtoto akafumba macho akapaza sauti: "Asante Yesu kwa chakula hiki, amina!" Akafumbua macho akanigeukia, anasubiri nimpigie makofi, maana nilimzoesha makofi.

Hakuna aliyenifokea. Bibi yake alisema tu, "Nilikukabidhi mtoto," akaomba asaidiwe kuinuka. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye ndege.

Nyumbani, waliposikia kilichotokea, akina mama wa kanisani walinipokea kama nimetoka vitani. "Umepanda mbegu jangwani!" "Mungu hakukupeleka bure, mama!" Wakanipangia nitoe ushuhuda Jumapili. Nilifurahi, sitadanganya. Ukirudi na begi moja na aibu, sifa ni tamu.

Kwa rafiki yangu nilienda siku ya tatu. Alikuwa kwenye cherehani, hata hakuinua macho.

"Karibu, mwinjilisti."

"Nilipitiwa, mwenzangu."

"Ulipitiwa siku moja, au miezi minane?"

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Shangazi hapokei simu zangu," akasema. "Ndiye mzazi pekee niliyebaki naye. Anasema nilimpelekea mtu wa kumwibia mjukuu."

Binti yangu akatoka ndani akaniamkia, "Shikamoo mama," kwa adabu ya mtu anayepokea mgeni. Kwa kutafuta la kusema nikamuuliza kama sala zake bado anazikumbuka.

"Nazikumbuka. Jumapili nasoma mstari shule ya Jumapili. Mama mdogo alinisikiliza jana, nikakosea mara mbili."

"Na kanisani anakupeleka nani?"

"Mama mdogo huyuhuyu. Ananisubiri getini."

Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Ulidhani nitampeleka madrasa?" akasema. "Wenzangu wamenicheka mpaka wamechoka. Eti siku hizi mimi ni mzee wa kanisa. Lakini mtoto si wangu. Uliniachia Mkristo, nimekutunzia Mkristo."

Nilitamani angenitukana tu.

Jumapili nikaitwa mbele. Nikasema: "Mliyosikia ni kweli, nilimfundisha mtoto wa watu sala yetu. Lakini nilikuwa nimeahidi kwamba sitafanya hivyo. Na miezi hiyohiyo, mama mmoja Mwislamu alikuwa anamleta mwanangu hapa getini kila Jumapili, anasimama na baridi ya Julai mpaka watoto watoke. Naombeni msinipigie vigelegele."

Hawakupiga. Mwenyekiti wetu wa akina mama akaanzisha pambio kabla sijafika kwenye benchi. Mpaka leo wako wanaonisalimia kwa mbali. Imani yangu iko palepale, sijakosa ibada hata moja. Ila nikipiga magoti, uso wa yule bibi ndio unaotangulia.

Jioni yake rafiki yangu akaniambia, "Nimesikia umeongea. Na shangazi je? Yeye hasali kwenu."

Nikatoa simu nimrekodie ujumbe wa sauti. Nikaanza: "Shikamoo bibi, mimi nilisahau..."

Rafiki yangu akanishika mkono. "Futa. Hukusahau."

Nikafuta. Nikaanza upya: nilijua, niliahidi, nikafanya kwa makusudi, na mpwa wako hakuwa na habari. Nikatuma. Tukaona umesikilizwa. Jibu hakuna, siku ile wala wiki ile.

Baada ya wiki mbili nilikuwa kwake namsaidia kukunja madera, simu yake ikaita. Akaangalia kioo, akaingia ndani, akafunga mlango. Alikaa sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Amenisamehe," akasema. "Wewe hajakutaja."

"Inatosha," nikamwambia. Ndilo nililokuwa naliomba siku zote hizo, na bado liliniuma.